Honi ya Basi na Gitaa la Kwaya

Kosa langu la kwanza kazini lilikuwa kuamini kwamba uzi wa gitaa ukizidi kukazwa ndivyo unavyozidi kuwa sahihi. Nilikaza uzi wa kwanza, ule mwembamba kuliko wote, mbele ya kwaya nzima iliyosimama ikinisubiri. Ulipoanza kulia kama mbu sikuacha. Nilikaza mpaka ukakatika na kunichapa shavuni. Mwalimu Yoeli, mwalimu wetu wa kwaya, alinitazama juu ya miwani yake akasema, "Haya. Tumebaki na tano. Ukifika kwenye wa mwisho utuambie, tuvae viatu twende nyumbani."

Ndivyo nilivyoanza. Nawaandikia ninyi mnaolishika gitaa hilo sasa, kwa sababu mwezi uliopita nilistaafu. Nina miaka ishirini na saba na najua mnacheka. Hata mama yangu alicheka, akauliza kama nitapewa mabati ya kuezekea kama wastaafu wengine. Lakini kazi yoyote inayomfanya mtu akose usingizi na kukimbilia chooni kila Jumapili asubuhi inastahili kuwa na kustaafu kwake. Vyeo sitavieleza. Kulikuwa na kimoja tu, mpiga gitaa, na nilikuwa nacho kwa sababu hakuna mwingine aliyekitaka.

Gitaa lenyewe liliachwa usharikani na mgeni aliyehama, na baraza la wazee lilijadili suala lake kama vile ameletwa chui. Aliyelipinga zaidi alikuwa Ta Zakaria, mzee wa kanisa, mfuga ng'ombe, mtu asiyependa kitu chochote kilichoanza baada yake. Alisema, "Gitaa nimelisikia baa tu. Halijawahi kumsindikiza mtu mahali pazuri." Mwisho walikubaliana lijaribiwe mpaka Sikukuu ya Mavuno. Likiiaibisha kwaya siku hiyo, litafungiwa kwenye kabati la sakristia, kando ya tarumbeta lenye tundu, na kwaya itarudi kuimba kwa midomo mitupu. Mwalimu Yoeli alinipa taarifa hiyo kwa upole wake wa kawaida: "Usiwe na wasiwasi, Ezra. Ukishindwa hatutakufungia wewe. Gitaa tu."

Sikuwa na mtu wa kunifundisha. Mchana nilifanya kazi kwenye duka la fotokopi karibu na stendi ya Muleba, na wateja wakipungua nilijifunza nyuma ya duka, juu ya ndoo iliyogeuzwa. Uzi uliokatika nilimpelekea fundi baiskeli. Alichambua waya wa breki akanipa unyuzi mmoja, akaniambia, "Huu haukatiki. Utakatika wewe." Alisema kweli. Vidole vyangu vilitoka damu, uzi ukadumu.

Kwanza nilitumia simu. Kuna programu inayosikiliza uzi na kuonyesha mshale. Mshale ukisimama katikati, uzi uko sawa. Kwa mtu wa kawaida ni msaada mkubwa. Kwa mtu kama mimi ni ugonjwa. Mshale haukusimama. Ukifika katikati unatetemeka, mimi nazungusha kidogo, unapita, narudisha, unapungua. Jioni moja ya mazoezi nilityuni uzi wa pili mpaka sauti ya kwanza wakakaa chini, kisha sauti ya pili, kisha besi wakaanza kuzungumza habari za mbolea. Mwalimu Yoeli alikuja, akaichukua simu mkononi mwangu, akaitia mfukoni mwake.

"Mwalimu, umebaki kidogo tu."

"Najua. Hata ufufuo umebaki kidogo tu. Kuanzia leo simu haiingii mazoezini wala ibadani."

Hapo nikalazimika kutumia masikio, ambayo mpaka siku hiyo niliyatumia kubebea barakoa. Njia ya masikio ni hii, na mnaijua, lakini acheni mzee aseme. Unabana uzi wa sita, ule mnene, kwenye chumba cha tano, yaani nafasi ya tano kati ya vyuma vya shingo, na uzi wa tano ulio wazi unatakiwa ulie sawa nao. Kisha unabana wa tano ili kupata wa nne, wa nne ili kupata wa tatu, na kuendelea. Nyuzi mbili zikikaribiana utasikia wimbi kati yao, wau, wau, wau. Likienda haraka, bado uko mbali. Likipunguza mwendo, unakaribia. Likitoweka, acha. Kuacha ndiyo sehemu ngumu. Jambo jingine: uzi uliopita juu ulegeze kabisa, kisha upande nao kutoka chini. Ukiushusha tu na kuuacha, utateleza katikati ya wimbo wakati kila mtu anakutazama.

Kwa muda mrefu nilibana chumba cha tano kote. Sikujua kwamba kutoka uzi wa tatu kwenda wa pili unabana cha nne. Kila nilichokipiga kilisikika kama harusi na msiba vimekutana njia panda. Nililaumu mbao, nikalaumu unyevu wa ziwa, nikalaumu waya wa breki. Ma Frida, mama mtu mzima anayeongoza sauti ya kwanza, aliniuliza, "Mwanangu, hilo gitaa linaumwa au limechukia?"

Baada ya kuligundua hilo nikabaki na tatizo moja. Njia hii inalinganisha nyuzi zenyewe kwa zenyewe. Je, uzi wa kuanzia unatoka wapi? Mtu mwingine angeanzia popote. Mimi nilitaka kuanzia mahali pa haki, pasipo na lawama. Nilipapata stendi.

Kulikuwa na basi la asubuhi kutoka Bukoba kwenda Biharamulo lenye honi ya sauti tatu, honi ya majivuno, na dereva aliipiga kuanzia kwenye kona hadi anasimama. Siku moja nikiwa na gitaa mapajani nilisikia sauti ya chini kabisa ya honi ile ikifanana na uzi wangu wa tano. Nikajaribu kesho yake. Ikafanana tena. Nilikuwa nimepata mwalimu asiyechoka, asiyenicheka, anayefika kila siku isipokuwa akiharibikiwa njiani.

Hata hapo sikupona. Niligundua kwamba basi likija honi husikika juu kidogo, na likishapita inashuka. Nikakosa raha. Sauti ya kweli ni ipi, ya kuja au ya kwenda? Niliamua ni ile ya basi lililosimama, kwa hiyo nilianza kumwomba dereva apige mara moja tu akishafika. Alidhani nampenda kondakta wake, msichana mmoja wa Kamachumu, akawa anapiga kwa furaha na kunikonyeza. Sikumsahihisha. Nilihitaji ile sauti.

Kwa njia hiyo nilikuwa nafika mazoezini gitaa likiwa tayari, naangalia juu kidogo kama mtu anayesikiliza mbinguni, nagusa uzi mmoja, natikisa kichwa kukubali. Mwalimu Yoeli aliwaambia kwaya, "Mnaona? Simu ilikuwa inamchelewesha. Kijana ana sikio." Nilipaswa kusema kwamba sikio ni la kampuni ya mabasi. Sikusema. Sifa ni tamu, na mimi nilikuwa sijawahi kuonja.

Sikukuu ya Mavuno ikafika. Kwa asiyezijua sharika zetu, siku hiyo watu huleta mazao mbele ya madhabahu: mikungu ya ndizi, kahawa, maharage, kuku waliofungwa miguu, wakati mwingine mbuzi. Baada ya ibada vyote hutolewa nje na kupigwa mnada, na kinachopatikana ni sadaka. Dalali wetu siku zote ni Ta Zakaria. Akishika mnada, mnyonge huondoka na kuku asiyemhitaji.

Tulipangiwa nyimbo mbili. Wa kwanza ndani, kabla ya mahubiri. Wa pili nje, kufunga mnada. Wa kwanza ulikwenda vizuri, nikaona wazee wawili wakinong'ona bila kukunja uso. Ulibaki mmoja. Lakini jua lilikuwa kali, na dirisha la upande wa kwaya lilimulika gitaa moja kwa moja. Jua linalegeza nyuzi. Nikatafuta mahali pa baridi kuliko pote kanisani, nikaona lundo la ndizi mbichi mbele ya madhabahu, limefunikwa na majani yake. Mkungu wa ndizi ni baridi kama mtungi. Wakati wa matangazo nikasogea taratibu, nikalilaza gitaa juu ya mikungu, nikalifunika kwa jani ili lisione jua. Kisha tumbo langu, ambalo lina kalenda yake, likaniita chooni.

Niliporudi watu wote walikuwa nje. Ta Zakaria amesimama juu ya kiti, amelishika gitaa shingoni kama anavyoshika jogoo.

"Hiki hapa," alisema. "Nimekikuta kwenye ndizi. Anayeanza ni nani?"

Akawazungushia watu alichokishika, na kwa kuwa huwafungua mbuzi midomo ili wanunuzi waone meno, akaanza kuzungusha vile vizungushio vya kukazia nyuzi, kimoja kimoja. "Tazameni. Vyote sita vinazunguka. Hakuna kilichokwama." Kila alipozungusha nilihisi kwenye meno yangu. Akalikwaruza na nyuzi zikatoa sauti ambayo sitaki kuielezea kwa maandishi.

Watu walipanda bei. Aliyeshinda alikuwa Mama Pendo, mfanyabiashara wa dagaa kutoka visiwani, aliyekuja na gunia la sadaka na sauti ya mtu aliyezoea kusemeshana na walio majini. Ta Zakaria alipiga kofi kufunga biashara, kisha akaniona. Akatangaza, "Na aliyetoa chombo hiki ni yule kijana pale. Mungu akubariki, kijana."

Watu wakanipigia makofi. Mama mmoja alinishika mkono akanitakia mke mwema.

Ma Frida alinisogelea. "Ezra. Umetoa sadaka gitaa letu?"

"Sikulitoa, Ma. Niliweka kwenye kivuli."

"Kivuli cha ndizi za Bwana?"

"Ndizi ni baridi, Ma."

Akaufunika mdomo kwa kanga, mabega yakaanza kucheka peke yake. Mwalimu Yoeli hakucheka. Alimwendea Ta Zakaria na kumwambia kwamba gitaa ni mali ya kwaya. Ta Zakaria akajibu bila kushuka kwenye kiti, "Waitu, mwalimu wetu mpendwa, kilichowekwa kwenye sadaka ni sadaka. Sikukiweka mimi."

Tukamgeukia Mama Pendo. Alikuwa ameshalikumbatia gitaa. "Mimi nimenunua mbele ya watu," alisema, "na nimenunua kwa ajili ya usharika wetu kule kisiwani. Ila hiki kinalia kama mbuzi aliyefungwa kamba fupi. Kipigwe hapa nisikie. Kama ni kibovu, nakirudisha kwa dalali."

"Kikiwa kibovu," alisema Ta Zakaria, "kinakwenda kabatini kama baraza lilivyosema. Tutakuwa tumejua."

Fikirieni nilipokuwa. Nikilityuni vizuri, gitaa linapanda mtumbwi. Nikilityuni vibaya, linafungiwa sakristia. Nilipokea gitaa, nikakaa kwenye jiwe, nikafanya hesabu zangu. Kabatini angalau lingebaki Muleba. Kabati lina kufuli dogo. Wazee hufa, mabaraza hubadilika. Basi nikaamua kulityuni vibaya. Nikauzungusha uzi wa pili ukae chini kidogo, kosa dogo tu la kuudhi. Mkono ukakataa. Sisemi kwa majivuno. Nilijaribu tena, na vidole vikaurudisha vyenyewe, kama mtu anayenyoosha shuka kwenye kitanda cha wenzake. Nikagundua kwamba hata uhuni nahitaji kufundishwa.

Kwa hiyo nilibaki na njia moja, kulityuni vizuri, na hapo ndipo jasho liliponitoka. Uzi wa kuanzia ulikuwa umezungushwa na Ta Zakaria mpaka haujulikani kwao ni wapi. Simu ilikuwa nyumbani kwa amri. Mwalimu Yoeli akainama. "Vipi, Ezra? Sikio?"

"Mwalimu, basi limeshapita."

"Basi gani?"

Nikamweleza. Nilijitahidi kunong'ona, lakini Mama Pendo alikuwa karibu na hakuwa mtu wa kunong'onewa. "Ati anachukua sauti kwenye honi?" aliuliza kwa sauti ya kuvuka maji. Kiwanja kizima kikacheka, kuku wakashtuka. Mwalimu Yoeli alivua miwani akaifuta. Alisema tu, "Na mimi niliwaambia watu una sikio."

Ma Frida ndiye aliyekuja kusimama mbele yangu, bado anajifuta machozi ya kicheko. "Mimi si basi," alisema, "lakini honi ninayo. Nikupe do?"

"Do ipi, Ma? Inayotakiwa ni..."

"Nitakayoiimba ndiyo inayotakiwa. Ndiyo tutakayoimba wote."

Akaitoa. Do ya Ma Frida ya saa saba mchana, mwenye kiu, aliyekwisha kuimba na kucheka. Haikuwa ya honi, ilikuwa chini yake. Kichwani mwangu ule mshale wa simu ulitetemeka upande wa kushoto ukagoma. Sikuwa na la kufanya. Nilipandisha uzi wa tano kutoka chini mpaka ukakutana naye, lile wimbi likapunguza mwendo, likatoweka, nikaacha. Kisha wa nne kutoka kwa wa tano, wa tatu, wa pili kwenye chumba cha nne, wa kwanza, na wa sita mwisho. Ma Frida aliishikilia ile do muda wote, akivuta pumzi na kurudi palepale, kama mtu anayemshikia mwenzake ngazi.

Tukaimba. Sitasema tuliimba kama malaika, kwa kuwa Elia wa besi aliingia mapema kama kawaida yake. Lakini kwa mara ya kwanza sauti ya kwanza hawakunyoosha shingo kutafuta sauti za juu, kwa sababu zilikuwa pale wanapofika. Niliona kiatu cha Ta Zakaria kikigonga chini. Aliona nimeona, akakisimamisha.

Wimbo ulipokwisha Mama Pendo alipiga kigelegele, akaninyang'anya gitaa. "Ni zima kabisa," alisema. "Nalibeba."

Ma Frida tu ndiye aliyeuliza, "Mwanangu, kule kisiwani nani atalityuni?"

"Binti yangu Pendo atajifunza. Anakuja hapa mjini kusoma sekondari."

"Atajifunza kwa nani, na gitaa liko kisiwani?"

Na aliyejibu, msishangae, alikuwa Ta Zakaria, akiwa bado juu ya kiti chake. Alisema huku kwetu mtu asiye na malisho humwekea jirani ng'ombe wake. Jirani analisha na kunywa maziwa. Ng'ombe anabaki wa mwenyewe, na mwenyewe anadai ndama. "Gitaa ni la mama huyu. Lilale hapa, kwaya inywe maziwa. Na ndama apelekwe kisiwani."

"Ndama wa gitaa ni nini?" aliuliza Mwalimu Yoeli.

"Mtu anayejua kulipiga. Kila atakayefundishwa kutoka kule ni ndama wake."

Mama Pendo alifikiri, akanipima kuanzia viatu hadi nywele kama anapima mashine ya kusaga. "Huyu ndiye mlishaji?"

"Ndiye," alisema Ma Frida. "Ana kasoro, lakini hali nyama ya ng'ombe wa watu."

Wakapeana mikono. Mpaka leo gitaa la kwaya yetu ni la Mama Pendo, na baraza la wazee haliwezi kufungia kabatini mali ya mtu. Niliwahi kumuuliza Ta Zakaria kama siku ile alijua anauza gitaa letu. Alisema macho yake ni mabovu. Mtu huyo huyo humtambua ndama wake kutoka mlima wa pili.

Pendo, ulipokuja mara ya kwanza na sare yako ya shule, nilikuandalia masomo ya mwaka mzima. Ulisikiliza, ukalichukua gitaa, ukamwomba Ma Frida do, ukalityuni wakati mimi bado nafungua mdomo. Halikuwa sawa. Uzi wa tatu ulikuwa chini, kidogo sana. Nikakuambia unipe nirekebishe. Nilirekebisha kwa utulivu, kwa uangalifu, na niliponyanyua kichwa ulikuwa umesimama mlangoni na begi mgongoni. "Kaka Ezra," ulisema, "mazoezi yamekwisha. Wameimba bila sisi."

Nilijitetea kwa muda mrefu baada ya hapo. Nilikaa nyuma yako kama mkaguzi, nikikuonyesha kwa kidole juu au chini. Kisha ikaja ile harusi ya Kimwani. Ulikuwa unapiga peke yako, mimi nimesimama na besi, na katikati ya ubeti wa pili uzi wa tatu ukashuka. Nikaanza kutoka kwenye mstari kuja kwako. Ma Frida, bila kuacha kuimba, alinyoosha mkono nyuma akalishika shati langu. Hakugeuka. Alishika tu. Ubeti ukaisha, bwana harusi akacheza, bibi harusi akacheka, nyanya mmoja akaja kukutunza noti kwenye paji la uso. Wewe ukaukaza uzi kati ya beti mbili, huku unatabasamu, ukaendelea. Jumatatu yake nikamwandikia Mwalimu Yoeli kwamba nastaafu. Alijibu kwa neno moja: "Hatimaye."

Sasa, Pendo, unawafundisha wawili kutoka kisiwani kwenu na mmoja wa hapa Muleba, na simu nimeruhusiwa tena kuja nayo. Mimi naimba besi, mstari wa nyuma. Uzi wa tatu ukishuka nausikia kabla ya mtu yeyote, na siku hizi naendelea kuimba.